"Dadi, hii ni ukweli?" Kuirudia Shaka Zulu baada ya miaka thelathini

*"Mwalimu, pokea salamu. Nilikulia Kariobangi Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba alikuwa akitupeleka kwa jirani aliyekuwa na runinga ya Greatwall na deki ya video, tunakaa sakafuni tunatazama Shaka Zulu, ile tamthilia ya mfalme wa Wazulu wa Afrika Kusini. Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha, kwa hivyo baba ndiye aliyekuwa akitueleza kinachoendelea. Kesho yake ploti nzima ni vita: fito ndiyo mikuki, mifuniko ya sufuria ndiyo ngao. Juzi nimeipata tena yote, nikakaa na wanangu, mmoja wa miaka 14 na mwingine 9. Nimechanganyikiwa. Nilikumbuka wakiongea Kizulu, kumbe ni Kiingereza. Nilikumbuka ngao nyekundu na jua la dhahabu, na ile Greatwall ilikuwa nyeusi na nyeupe. Nilikumbuka hadithi ya Shaka, kumbe mwanzoni mmejaa Wazungu. Wimbo ulipoanza machozi yalinitoka, maana baba alishafariki. Mkubwa akaniuliza, 'Dadi, hii ni ukweli?' Nikakosa la kusema. Mwenzangu kazini anasema niachane nayo kabisa, ilikuwa propaganda ya makaburu. Je, tulidanganywa? Niendelee kuwaonyesha watoto ama niifiche?"*

Ndugu yangu, pole kwa kumpoteza mzee, na asante kwa kuuliza kwa urefu. Umeleta swali la mtoto, lakini ndani yake naona mengine mawili ambayo ni yako mwenyewe: kwa nini ulichokiona juzi hakifanani na ulichokibeba miaka yote hii, na kama kuipenda tamthilia hiyo kulikuwa ni kutiwa ujinga. Nianze na la kumbukumbu, kwa sababu hilo likieleweka la mtoto linakuwa jepesi.

Kichwa chako kiko sawa. Hakuna mtu anayehifadhi tukio zima jinsi lilivyokuwa. Kinachobaki ni vipande: sura, sauti, woga, baridi ya sakafu. Siku ukikumbuka, akili inaviunga vipande hivyo upya, na palipo na pengo inaziba kwa kitu ulichokipata kwingine, wala haikuambii kwamba imeziba. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alilieleza jambo hili katika kitabu alichotoa mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda, na tena baada ya muda mrefu zaidi. Kadiri siku zilivyokwenda hadithi ilizidi kufanana na za kwao. Mitumbwi ikawa mashua, na mambo ya mizimu yaliyowatatiza yakadondoka au yakapewa maelezo wanayoyazoea. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba anakumbuka.

Ndivyo Greatwall ya jirani ilivyopata rangi. Baada ya kanda zile uliendelea kukutana na Shaka kwenye majalada ya video, magazetini, vitabuni na kwenye runinga za rangi zilipoingia mtaani. Rangi hizo zikarudi nyuma zikakaa katika picha ya kwanza. Na kuhusu lugha, sidhani ulikosea sana. Maongezi ni ya Kiingereza, lakini nyimbo na miitikio ya vikosi ni ya Kizulu, na kwa mtoto asiyeelewa Kiingereza sawasawa zote zilikuwa sauti za watu wa mbali. Maana yenyewe ilikufikia kupitia mdomo wa baba. Shaka uliyekua naye kwa kiasi kikubwa ni yule aliyesimuliwa na mzee wako sebuleni kwa watu, akiruka asichokipenda na kukoleza alichokiona kinawafaa wanawe. Kwa hivyo usishangae kwamba kanda za juzi zimekupa mtu mwingine. Wimbo nao, ule ulioimbwa na Margaret Singana, ulikuwa ukija palepale kila jioni, na watu walewale wamekaa pembeni yako. Wimbo unaorudiwa namna hiyo hushikamana na watu uliokuwa nao, ukisikika unawaleta wote pamoja. Kulia mbele ya watoto wako si aibu.

Nimekaa kwenye kumbukumbu kwa sababu jambo hilihili ndilo kiini cha tamthilia yenyewe.

*Shaka Zulu* ilitengenezwa na SABC, shirika la utangazaji la serikali ya Afrika Kusini, ikaonyeshwa mwaka 1986. Ina sehemu 10. Mwongozaji ni William C. Faure, na aliyeandika mswada ni Joshua Sinclair. Henry Cele, aliyewahi kuwa golikipa na aliyekuwa ameshamwigiza Shaka jukwaani, ndiye Shaka. Dudu Mkhize ndiye Nandi, mama yake. Lakini mtazame anayetusimulia. Ni Henry Francis Fynn, na bila shaka sura yake umeitambua: ni Robert Powell, yule aliyekuwa Yesu katika *Jesus of Nazareth* ya 1977, ambayo wengi wetu tumeiona misimu ya Pasaka. Sisemi alichaguliwa kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Kariobangi alikuwa ameshamwamini mtu huyu kabla hajafungua kinywa.

Fynn wa kweli hakuwa daktari mtu mzima mwenye busara tulivu. Alikuwa kijana wa miaka 21 hivi alipotua Port Natal, ambayo leo ni Durban, mwaka 1824, pamoja na Francis Farewell na wenzake waliokuwa wakitafuta pembe za ndovu. Alikaa huko miaka mingi, akajifunza Kizulu, akaoa na kuzaa huko. Aliandika kumbukumbu zake, lakini maandishi ya mwanzo yalipotea. Inaelezwa yalizikwa pamoja na ndugu yake. Akaandika upya kutoka kichwani, miaka mingi baadaye. Alifariki mwaka 1861, na kile kiitwacho shajara yake kilichapishwa kama kitabu mwaka 1950, kikiwa kimepitia mikono ya wahariri James Stuart na D. McK. Malcolm. Mtu huyu, ambaye dunia inamchukulia kama shahidi wa macho, alifanya kile ulichokifanya wewe: alijenga upya ujana wake kwa vipande, akiwa ameshajua mambo yaliishaje. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na maslahi.

Kuhusu maslahi hayo tuna ushahidi ambao kila mwalimu wa historia anapaswa kuufundisha. Katika kundi la wafanyabiashara wale alikuwemo Nathaniel Isaacs, mvulana wa miaka 17 alipofika mwaka 1825. Kitabu chake kilitoka mwaka 1836 na ndicho kilichomtambulisha Shaka kwa Ulaya. Mwaka 1832, kabla hakijatoka, alimwandikia Fynn barua akimhimiza naye aandike chake, na kumshauri awaonyeshe Shaka na Dingane, ndugu yake aliyemrithi, kuwa wamwaga damu wakubwa kadiri awezavyo, tena akadirie idadi ya watu waliowaua, maana hayo yangekinogesha kitabu. Barua hiyo ilikuja kugunduliwa karne ya 20. Watu hawa walitaka ardhi ya Natal iwe chini ya Uingereza. Mfalme katili kupita kiasi, na nchi iliyobaki tupu kwa ukatili wake, ni hoja nzuri kwa anayetaka kuingia na kukaa.

Sasa niguse maneno ya mwenzako wa kazini. Ana haki ya kushtuka. Tarehe 12 Juni 1986 serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari nchi nzima. Watu walikuwa wakikamatwa kwa maelfu, wanajeshi wakizunguka mitaa ya Waafrika, na shirika lililoleta tamthilia hii ndilo lililokuwa likisoma taarifa za serikali kila jioni. Sisi tunaijua hali ya hatari, tuliishi chini yake kuanzia 1952. Fikiria serikali ya kikoloni hapa Nairobi, mwaka 1955, Dedan Kimathi akiwa bado msituni, inatengeneza tamthilia kubwa kuhusu maisha yake, na msimulizi ni mzungu mpole anayempenda kidogo na kumwogopa sana. Hata kama kila mwigizaji angekuwa hodari na kila vazi limeshonwa sawasawa, tungeuliza kwa nini yeye ndiye anasimulia. Swali hilohilo linaihusu *Shaka Zulu*.

Na athari zake unaweza kuzishika kwa mkono. Umesema mwanzoni mmejaa Wazungu. Ni kweli, na si bahati mbaya. Tunaanzia London, kwa Mfalme George IV na Lord Bathurst wanaoogopa kwamba Wazulu watalivamia koloni la Cape, ndipo Farewell anatumwa kumkabili Shaka. Hadithi ya Nandi na Senzangakhona, baba yake Shaka, na utoto wote wa Shaka, inakuja baadaye kama kurudi nyuma, ndani ya safari ya Waingereza. Katika historia hakukuwa na ujumbe kama huo. Safari ya Farewell ilikuwa ya biashara, imegharamiwa na wafanyabiashara wa Cape Town. Gavana Lord Charles Somerset aliwaruhusu kwenda kuchuuza, hakuwapa ruhusa ya kutwaa nchi. Hata hivyo mwezi Agosti 1824 Farewell alikuwa tayari na karatasi yenye alama ya Shaka, akidai amepewa eneo kubwa kuzunguka bandari. Shaka yeye aliwaona wageni wachache wanaoishi kwa hisani yake, kama machifu wengine wadogo waliokuwa chini yake. Tamthilia imekuza wafanyabiashara wa pembe wakawa wajumbe wa dola, na kumfanya mfalme wa Kizulu kuwa tatizo la Uingereza linalosubiri ufumbuzi.

Lakini neno propaganda peke yake halitoshi, na hapa natofautiana na mwenzako. Ubaguzi wa rangi ulijengwa juu ya madai kwamba Mwafrika hana historia wala dola. Tamthilia hii ilionyesha baraza la wafalme, mipango ya vita, sheria za ukoo, mama anayepigania jina la mwanawe, shangazi Mkabayi anayepima nani atawale. Wewe ulitoka kwa jirani ukitaka kuwa Shaka. Sidhani kuna mtoto ploti yenu aliyetaka kuwa Farewell. Hilo halikuwa ujinga. Mwanahistoria Carolyn Hamilton, katika kitabu alichotoa mwaka 1998 kuhusu namna sura ya Shaka ilivyoundwa, aliichambua tamthilia hii pia, na ninachokubaliana naye sana ni kwamba sura hiyo haikubuniwa na Wazungu peke yao. Wazulu wenyewe, waliompenda na waliomchukia, waliijenga tangu siku zake. Dingane aliyemuua alikuwa na kila sababu ya kueneza kwamba ndugu yake alikuwa nyang'au. Na wakati ule ule wa 1986 Inkatha, chama cha Wazulu cha Mangosuthu Buthelezi, ilikuwa ikilitumia jina la Shaka kujenga siasa zake. Kila aliyemshika alimtaka awe wa kwake.

Kuna mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanafunzi. Picha moja tu inayojulikana ya Shaka kutoka nyakati hizo ni mchoro ulio katika kitabu cha Isaacs, uliochapishwa miaka minane baada ya Shaka kufa. Amesimama na ngao kubwa na unyoya mrefu kichwani. Mkononi ana mkuki. Ukiambiwa huyu ndiye aliyebuni mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu, tazama vizuri: mkuki wa mchoroni ni mrefu, unampita kimo. Mchoro hauthibitishi kitu, kwa sababu mchoraji naye alitaka picha ipendeze. Unachoonyesha ni jinsi tulivyo na kidogo mkononi. Ile sura ambayo wewe na mimi tunaiona tukifumba macho ni ya Henry Cele. Mwaka 2010, uwanja wa ndege wa King Shaka ulipofunguliwa Durban, palisimamishwa sanamu ya Andries Botha iliyomwonyesha Shaka bila silaha, akiwa na ng'ombe. Familia ya kifalme ikalalamika kwamba ameonekana kama mchunga mifugo, na sanamu ya Shaka ikaondolewa. Mtu aliyekufa mwaka 1828, na hadi leo watu hawakubaliani asimame vipi.

Basi ni yapi unayoweza kumwambia kijana wako bila wasiwasi? Shaka alikuwepo, mwana wa Senzangakhona na Nandi, aliyezaliwa karibu mwaka 1787. Alikulia mbali na baba yake, akatumika chini ya Dingiswayo wa Wamthethwa, kisha akawashinda Wandwandwe wa Zwide na kuunda dola lililotikisa eneo lote. Nandi alifariki Oktoba 1827. Septemba 1828 Shaka aliuawa Dukuza na ndugu zake wa baba, Dingane na Mhlangana, wakisaidiwa na Mbopa, mtumishi wake. Hayo yamesimama.

Ya kumwekea alama ya kuuliza ni mengi zaidi. Vikosi vya rika havikuanza na Shaka. Dingiswayo na wengine walikuwa navyo, Shaka akavikaza. Vita vya kilima cha Gqokli, vinavyosimuliwa kwa hesabu za kila kikosi na kila saa, vinategemea mno kitabu cha E. A. Ritter cha mwaka 1955, na Ritter aliandika kama mtunzi wa riwaya. Kuhusu maombolezo ya Nandi, Fynn aliandika kwamba watu wasiopungua 7,000 waliuawa. Hakuna aliyewahesabu, na wanahistoria wengi leo wanaona idadi hiyo imetiwa chumvi, ingawa wachache wanakana kwamba mauaji yalitokea. Ukisikia kwamba vita vya Shaka viliua watu milioni moja, ujue hapakuwa na hesabu yoyote. Ni makisio ya waandishi wa kikoloni yaliyorudiwa mpaka yakafanana na ukweli.

Mwaka 1988 Julian Cobbing wa Chuo Kikuu cha Rhodes alikwenda mbali zaidi. Alisema simulizi nzima ya mfecane, kwamba Shaka ndiye aliyeivuruga Afrika ya kusini, ilikuwa kisingizio cha kuficha uvamizi wa walowezi na wawinda watumwa. Wenzake walimpinga kwa mengi, hasa kuhusu lini biashara ya watumwa ilipamba moto Ghuba ya Delagoa, Maputo ya leo. Lakini baada yake hakuna mwanahistoria makini anayemtwika mtu mmoja mzigo wote. Biashara ya pembe kupitia ghuba hiyo, ukame na njaa za mwanzoni mwa karne, ushindani wa falme kuhusu ng'ombe na malisho: yote yalianza kabla Shaka hajatawala. Na mawimbi yake yalifika kwetu Afrika Mashariki. Zwangendaba, aliyeondoka baada ya Zwide kushindwa, aliwavusha watu wake Zambezi mwaka 1835, na watu hao, waliokuja kuitwa Wangoni, wakasogea hadi Ufipa na baadaye Songea. Walipoingia vita vya Maji Maji, Wajerumani walimnyonga kiongozi wao Songea Mbano mwaka 1906. Kijana wako akiona Shaka ni habari ya mbali, mwonyeshe Songea kwenye ramani ya Tanzania.

Sasa la kuendelea au kuificha. Kuificha sikushauri. Mtoto wa miaka 14 mwenye simu ataipata mwenyewe, iliyokatwakatwa, bila mtu wa kumuuliza. Kuwaachia tu waitazame nayo sipendi, kwa sababu picha zina nguvu kuliko maelezo unayoyatoa wiki moja baadaye. Ninachoona kinafaa ni kutazama na mkubwa, sehemu moja kwa wakati, na kusimamisha mara moja au mbili tu. Ukisimamisha kila dakika ataichukia, na atakuwa na haki.

Simamisha penye utoto wa Shaka, pale anapodhihakiwa na wavulana wenzake, umuulize: nani alikuwepo akayaona haya? Fynn alifika 1824. Mambo ya utotoni yalikuwa yametokea miaka zaidi ya 20 nyuma, na hakuna mzungu aliyeyashuhudia. Yametoka kwa wazee waliosimulia, katika sifo, yaani tungo za kuwasifu wafalme, na kwa watu waliohojiwa na James Stuart, yule afisa wa Natal, aliyezungumza na karibu watu 200 kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Maandishi hayo yamehifadhiwa Durban na yamekuwa yakichapishwa tangu 1976. Wasimulizi wake wanapingana wao kwa wao kuhusu Shaka, na kijana akilielewa hilo amejua historia inavyofanyika. Akikuuliza tena kama ni ukweli, mjibu kwamba watu wapo na matukio makubwa yapo, lakini maneno wanayosema yametungwa mwaka 1986, na anayeyatoa ni mtu aliyekuwa na haja zake. Miaka 14 inatosha kulipokea jibu hilo. Usimpe jepesi zaidi.

Ukitaka cha kulinganisha, ipo *Shaka iLembe*, iliyoanza kuonyeshwa na Mzansi Magic mwezi Juni 2023, sehemu kubwa kwa Kizulu, Lemogang Tsipa akiwa Shaka na Nomzamo Mbatha akiwa Nandi. Hakuna mzungu anayetushika mkono kutuingiza. Nandi na Mkabayi wanapewa nafasi ya kufikiri na kuamua, na kwangu hilo peke yake linatosha kuifanya itazamwe. Usimwambie mtoto kwamba hii sasa ndiyo ya kweli. Nayo ni tamthilia, imetengenezwa na watu wa leo wanaotaka kujivunia mababu zao, na inachagua cha kuonyesha kama ile ya kwanza. Tazameni tukio moja katika zote mbili, kama Nandi anapokataliwa kwa Senzangakhona, mkae muongee. Jioni moja ya namna hiyo itamfundisha mengi kuliko hotuba yangu.

Wa miaka 9 mwache kwanza. Damu imo nyingi, na kuna matukio ya mauaji ambayo hata mtu mzima anageuza uso. Vifua wazi visikutie hofu, ni mavazi ya watu na ya wakati wao, mweleze hivyo akiuliza. Ninachohofia ni mauaji. Najua wewe ulitazama ukiwa na umri huo, ila ulitazama kwenye skrini ndogo isiyo na rangi, na baba akiwa katikati yako na picha. Kama ameshaona na sasa anaamka usiku, muulize alichokiona kilichomtisha na umwache aeleze mwenyewe. Mara nyingi inapita baada ya siku chache. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, au akaanza kuogopa kulala na kukataa shule, mwone mwalimu mshauri shuleni kwake, na kama haisaidii mpeleke kituo cha afya chenye mtaalamu wa watoto. Hilo mimi siwezi kulitatua kwa maandishi.

Na wewe pia. Machozi ya wimbo ni kitu cha kawaida. Lakini ukiona unairudia tamthilia usiku peke yako kwa sababu ya mzee, usingizi umekata, kazi inakushinda, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana, mshauri nasaha au kiongozi wako wa dini unayemwamini.

Kwa upande wa vitabu, mwalimu wa historia wa kijana wako awe wa kwanza kuulizwa, atafurahi kuliko unavyodhani. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ni ya kujaribu pia; ulizia kwanza kama iko wazi, maana imekuwa na shughuli za ukarabati. Kijana akifika kidato cha juu na bado ana hamu, mlete katika idara ya historia ya chuo kikuu chochote hapa jijini siku ya kawaida ya kazi, aje na maswali yake ameyaandika.